UZI: Nyumba za zamani za tofali zisizo na nondo, Bukoba tutunge sheria ndogo kabla ya tetemeko lingine

#1 Mleta mada

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, hili jambo tumelilalia miaka mingi na mimi nataka tuliongelee humu mpaka liwafikie madiwani wetu.

Wote tunakumbuka ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu kasoro dakika chache alasiri. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9, kitovu kipo chini kama kilomita 40 huko upande wa Nsunga, Missenyi. Wataalamu wanaliita la wastani, kuna nchi tetemeko la namna hiyo linapita na watu wanarudi kazini. Kwetu liliua watu zaidi ya 15, mamia wakaumia, nyumba zaidi ya 800 zikaanguka kabisa na nyingine zaidi ya elfu moja zikapasuka. Shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa, watoto wakatawanywa shule nyingine. Waziri Mkuu akaja tukaaga miili pale uwanja wa Kaitaba.

Ihungo ikajengwa upya, sawa, tunashukuru. Lakini hebu tembea leo Kashai, Hamugembe, Miembeni, tembea mtaa wa maduka ya zamani mjini, halafu uniambie ni nyumba ngapi za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo zilizibwa nyufa kwa plasta zikapigwa rangi na watu wanalala humo humo. Hizo ndio nazileta hapa. Nyumba mpya angalau kuna kibali na ramani na injinia wa halmashauri anaweza kupita, ya zamani hakuna anayeiuliza kitu mpaka ianguke.

Kwa ambao hawajawahi kuelewa kwanini hizi nyumba zinaua, ngoja nieleze kwa kifupi. Tofali ukiligandamiza linabeba mzigo vizuri sana, ndio maana nyumba inasimama miaka 80 bila shida. Tatizo ukilivuta au kulisukuma kwa ubavu, pale lilipoungwa panaachia, na kama limeungwa kwa udongo badala ya sementi panaachia mapema zaidi. Sasa nyumba nyingi za zamani hazina mkanda wa zege juu ya ukuta, kenchi zimekaa tu pale juu kwa uzito wake, hazijafungwa popote. Ardhi ikianza kwenda huku na huku kila ukuta unayumba kivyake, kona zinafunguka, ukuta mrefu unalala nje na paa linakosa pa kukaa linashuka ndani. Na kabla hata ya hapo kinachotangulia kuanguka ni ile pembetatu ya tofali inayopanda mpaka kwenye kilele cha paa, au kile kiukuta cha juu ya maduka ya zamani kilichowekwa ili frem, yani chumba cha duka, ipendeze kwa mbele. Ile haijashikwa na kitu na iko juu ambako mtikisiko ni mkubwa, inadondokea mlangoni pale pale watu wanapokimbilia.

Wenzetu walishapita huku na waliumia kwanza ndio wakatunga sheria, sisi tuna nafasi ya kujifunza bila kulipa hiyo bei tena.

California ndio mfano mzuri kwangu. Long Beach walipigwa tarehe 10 Machi 1933 jioni, shule nyingi za tofali zikaporomoka, bahati watoto walishaondoka. Ndani ya mwezi mmoja jimbo likapitisha sheria ya ujenzi wa shule, na ujenzi mpya wa tofali bila nondo ukakatazwa. Lakini angalieni, yale majengo yaliyokuwepo yaliachwa vile vile! Los Angeles walianza na viukuta vya juu tu mwaka 1949, majengo yenyewe wamekuja kuyagusa kwa lazima mwaka 1981, karibu miaka 50 baada ya Long Beach. Na walipoyagusa walikuwa na majengo kama 8,000.

Ile amri ya Los Angeles nimeisoma na kuna kipengele nakipenda sana. Waliyapanga majengo kwa umuhimu, yale ya huduma za dharura yakatangulia, halafu yenye watu wengi, mwisho yenye watu wachache. Kisha wakamwambia mwenye jengo hivi, ukifunga kuta zako kwenye sakafu na paa kwa bolti ndani ya mwaka mmoja, tunakuongezea miaka ya kumalizia kazi iliyobaki. Yani kazi rahisi inayookoa maisha inafanyika mapema, kazi ya gharama inasubiri mtu ajipange. Tetemeko la Northridge lilipokuja Januari 1994, ukubwa 6.7, kwenye majengo yaliyokuwa yameimarishwa hakufa mtu. Ni kweli lilipiga alfajiri saa kumi na nusu mitaa ikiwa tupu, hilo nalo lilisaidia, lakini kuta nyingi zilisimama. Nyufa zilikuwepo nyingi tu, tofali zilidondoka baadhi ya sehemu. Lengo la kazi hizi ni watu watoke hai, nyumba ikipasuka itazibwa.

Mwaka 1986 jimbo zima likapata sheria. Hii ndio inayonigusa kwa habari ya halmashauri zetu, maana haikusema kila jengo liimarishwe. Ilisema kila mji ulio kwenye ukanda wa hatari uhesabu majengo yake ya tofali yasiyo na nondo, uwajulishe wenye nyumba, na utunge mpango wake wenyewe mpaka kufikia 1990. Miji mingine ikaweka lazima, mingine hiari, mingine ikaishia kutuma barua tu. Matokeo yakawa tofauti tofauti. Paso Robles waliweka lazima ila wakatoa muda mpaka 2018. Tarehe 22 Desemba 2003 tetemeko la 6.5 likaja, jengo moja la zamani ambalo lilikuwa halijaimarishwa paa lake likashukia barabarani na wanawake wawili wakafa wakiwa wanatoka nje. Muda waliopewa ulikuwa bado unahesabika.

New Zealand ndio wanaumiza zaidi. Christchurch walipata tetemeko la 7.1 tarehe 4 Septemba 2010 saa kumi na nusu usiku, watu wamelala, katikati ya mji tofali zilijaa barabarani hakufa mtu. Majengo yakabaki na nyufa, mengine yakawekewa fensi. Tarehe 22 Februari 2011 mchana watu wako kwenye shughuli zao likapiga lingine, dogo kwa kipimo ila karibu na mji. Walikufa watu 185. Wengi walikuwa kwenye jengo moja la zege, CTV, walikufa 115 pale, lakini kama 40 hivi waliuawa na majengo ya tofali na wengi wao hata hawakuwemo ndani, walikuwa wanapita njia. Basi la abiria lilifunikwa na ukuta wa mbele wa maduka pale Colombo Street. Tume iliyochunguza ilikuta fensi nyingine ziliwekwa karibu mno na kuta.

Kwaiyo pendekezo langu kwa Manispaa ya Bukoba, na halmashauri zozote za ukanda huu, ni sheria ndogo. Mamlaka za miji zina nguvu ya kutunga sheria ndogo toka Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, hatuhitaji kusubiri Bunge litunge sheria mpya, ingawa Waziri lazima aiidhinishe. Ianze na kuhesabu, mtendaji wa mtaa na mwenyekiti na fundi mmoja wanapita, wanaandika nyumba ya tofali au mawe, imeungwa kwa nini, ina mkanda juu au haina, watu wangapi wanaingia. Ndani ya mwaka wa kwanza mwenye jengo la watu wengi yani shule, zahanati, kanisa, msikiti, gesti, frem za barabarani, awe ameshusha au amefunga ile pembetatu na kiukuta cha mbele na amefunga paa kwenye ukuta. Nyumba za kuishi ziguswe siku mwenye nyumba anapobadilisha bati au anapoomba kibali cha kukarabati, asiruhusiwe kurudisha bati jipya juu ya ukuta usio na mkanda. Na baada ya tetemeko lolote kuwe na utaratibu wa kukagua kwa rangi, kijani ingia, njano ingia kwa sehemu au kwa muda mfupi, nyekundu usiingie, na fensi iwekwe mbali ya kutosha ukuta ukilala usimguse mpita njia.

Kingine ambacho kinanitia wasiwasi sana ni hizi nyumba mpya za kontempo za paa la kuficha bati. Tunazunguka nyumba nzima na kiukuta cha bloku juu, wengi hawaweki nguzo ndogo za nondo wala mkanda wa kukifungia, tunarudisha kwa mikono yetu kitu kile kile ambacho Los Angeles walianza kukiondoa mwaka 1949 kwenye majengo ya zamani.

Karibuni tujadili, mafundi na mainjinia msikae kimya.

#2 Fundi wa Kashai

Mkuu umeongea vitu vya msingi. Mimi ni fundi, nimejenga na nimebomoa sana hizi nyumba hapa Bukoba, naongezea ya site.

Watu wanachanganya lenta na mkanda. Nyumba nyingi za zamani ukikuta lenta basi ni kipande juu ya mlango na juu ya dirisha, tena nyingine ni ubao. Kile kipande hakifungi nyumba. Mkanda ni ule unaozunguka kuta zote bila kukatika, nondo nne za milimita 12, ringi, na kwenye kona nondo zinapinda na kupishana vya kutosha, sio zinakutana tu kichwa kwa kichwa. Nimekuta kona watu wameweka nondo zimeishia pale pale kwenye kona, sasa pale unakuwa umemwaga zege bure maana kona ndio inafunguka ya kwanza.

Nyumba ya zamani unaweza kuiwekea mkanda ukishafungua paa. Unatoa kozi (mistari ya tofali) mbili tatu za juu zilizolegea, unafunga mbao, unamwaga, halafu unaacha waya au bolti zimesimama za kushika wolpleti, ule ubao unaolala juu ya ukuta. Na kenchi zifungwe kwenye wolpleti kwa utepe wa chuma, msumari peke yake unang'oka.

Kama huna hela ya mkanda leo basi fanya kitu kimoja, ile pembetatu ya tofali ishushe yote mpaka usawa wa ukuta, weka fremu ya mbao na uzibe kwa bati au mbao. Tofali unazoshusha unajengea choo. Kazi ya siku chache na umeondoa kitu cha kwanza kudondoka.

Naomba sana msije mkamwaga slabu ya zege juu ya ukuta wa udongo eti kuimarisha. Unaongeza uzito juu ya kitu dhaifu, likija tetemeko ule uzito ndio unausukuma ukuta.

#3 Mrithi wa frem

Mleta mada naheshimu nia yako lakini mimi nina nyumba ya urithi mjini, babu alinunua kwa Mhindi zamani, mbele frem nyuma wanakaa wapangaji. Kodi ninayopata ukigawa na ndugu zangu haibaki kitu. Ukileta sheria ya lazima unanifukuza, maana tajiri anasubiri tu nishindwe anunue kiwanja abomoe ajenge ghorofa. Alafu hii habari ya kuhesabu na kuweka rangi ukutani, sisi tunajua alama ya X maana yake nini, bomoa. Mtu akiona X nyumbani kwake presha inapanda. Mtahesabu nyumba halafu kesho benki hainikopeshi, mpangaji anahama, na nyumba imesimama toka enzi za mkoloni na 2016 haikuanguka.

#4 Mleta mada

Ndugu yangu nashukuru umeongea kwa uwazi, hoja yako ni ya kweli na kuna mji ulishakwama hapo hapo. Portland kule Oregon wana majengo zaidi ya 1,600 ya aina hii. Mwaka 2018 baraza la mji likaamuru kila mwenye nalo abandike bango mlangoni kusema jengo ni la tofali lisilo na nondo na laweza kuwa si salama kwenye tetemeko. Wenye majengo wakaenda mahakamani, makanisa ya Wamarekani weusi yakalalamika kwamba bango linawashushia thamani na kuwanyima mikopo huku hakuna aliyewapa hata senti ya kufanyia kazi, mahakama ikasimamisha na 2019 amri ikafutwa. Walianza na aibu kabla ya msaada, hayo ndio makosa tusiyarudie.

Kwaiyo nakubaliana na wewe, X isiwepo kabisa. Daftari likae kwa mtendaji na mwenye nyumba apewe nakala yake. Rangi ni za baada ya tetemeko tu, ni karatasi inabandikwa na inatolewa.

Kuhusu hela, kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, kwahiyo sio rahisi manispaa kuigusa, lakini ada ya kibali cha ukarabati ni yao, wanaweza kuifuta kwa mtu yeyote anayeleta mchoro wa mkanda. Wanaweza kuweka injinia wa manispaa siku moja kwa wiki anatoa ushauri bure. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa vijana, vikundi vya mafundi vinaweza kukopeshwa wanunue vifaa vya kazi hii. Na kwa frem kama yako hatua ya kwanza niliyosema ni kiukuta cha mbele na kufunga paa tu, sio kubomoa. Ukiweka ndani ya mwaka unapewa muda mrefu kwa yaliyobaki, hata miaka kumi mimi sina shida.

Ila la mwisho ulilosema kwamba 2016 haikuanguka, hapo naomba tusikubaliane. Jengo lililovumilia tetemeko linaweza kuwa limechoka. Christchurch majengo yaliyosimama Septemba yalilala Februari.

#5 Mdau Bukavu

Jambo bandugu. Miye niko Bukavu, hii mambo munasema tunaijuwa muzuri. Tarehe 3 ya mwezi wa pili 2008 ilikuwa siku ya mungu asubui, tetemeko ikapiga, ilikuwa nayo 5.9 sawa yenu. Upande wa Rwanda kanisa ilianguka watu wako mu ibada, kule ndiko walikufa wengi, zaidi ya 30. Huku Bukavu shule na manyumba ya matofari ikapasuka sana. Tena sisi nyumba zinapandana ku mulima, ya juu ikianguka inaangukia ya chini. Kama mutatunga hiyo sheria muandike pia kuta za kuzuia udongo ku mulima, ile yote ya mawe bila fer à béton (nondo). Tutaiomba ku wakubwa wetu pia.

#6 Mdau Seattle

Nipo Seattle miaka kadhaa sasa, nakaa mtaa wenye majengo mengi ya tofali nyekundu. Ukitaka kujua jengo lililoimarishwa unaangalia nje usawa wa kila sakafu na chini ya paa, unaona visahani vya chuma vimepangwa kwenye mstari, wengine wanaweka vya umbo la nyota. Kile ni kichwa cha bolti inayopita ukutani na kushika mbao za sakafu kwa ndani. Ukuta ukitaka kulala nje sakafu inaurudisha. Vingine ni vya zamani sana viliwekwa kwa mambo mengine kwahiyo sio kila chenye kisahani kimefanyiwa kazi kamili, lakini ndio alama ya kwanza.

Ila msidhani huku wamemaliza. Seattle ina majengo kama 1,100 ya tofali yasiyo na nondo na walitikiswa na tetemeko la Nisqually la 6.8 mwaka 2001, tofali zikaponda magari Pioneer Square. Kamati juu ya kamati, mpaka Desemba 2021 baraza ndio likapitisha azimio la kuandaa utaratibu wa lazima. Kikwazo ni kile kile alichosema mrithi wa frem, nani analipa, na wapangaji wa kipato cha chini wataenda wapi kodi ikipanda. Nyumba nyingi za bei nafuu kwa wahamiaji ziko humo humo kwenye tofali. Kwaiyo mkitunga yenu msiache kipengele cha mpangaji, kwamba akihama kupisha kazi anarudi kwa kodi ile ile kwa kipindi fulani.

#7 Mwalimu Muleba

Mimi nazungumzia shule. Tetemeko la 2016 lilikuja Jumamosi. Lingekuja Jumatatu saa nne asubuhi sijui tungeongea nini leo. Wanafunzi 70, 80 kwenye darasa moja, mlango mmoja, ukuta mrefu bila ukuta wa kukatiza katikati. Madarasa mapya ya fosi akaunti, yale shule inasimamia ujenzi yenyewe na mafundi wa kawaida, mengi yana mkanda, hayo sina wasiwasi nayo sana, shida ni yale ya nguvu za wananchi ya miaka ya 70 na majengo ya misheni.

Swali langu kwa fundi na mleta mada. Darasa refu kama hilo ukuta wake unafanyaje bila kubomoa? Na la pili, watoto tuwaambie nini, wakimbie au wajifiche chini ya dawati? Maana kila mtu anasema lake.

#8 Fundi wa Kashai

Mwalimu ukuta mrefu dawa yake ni kuupunguzia urefu. Unajenga nguzo za kuegemeza kwa nje kila baada ya mita tatu hivi, ila ziwe na msingi wake na ziunganishwe na ukuta wa zamani kwa kung'oa tofali na kuingiza mpya zipishane, au kwa bolti. Nguzo iliyobandikwa tu kwa plasta inaachana na ukuta siku ya kwanza. Juu unaweka mkanda kama nilivyosema. Kona unaweza kuzifunga kwa wavu wa chuma ndani na nje, nyavu mbili zinaunganishwa kwa waya unaopita kwenye ukuta, halafu unapiga plasta ya sementi juu yake. Udongo wa zamani ukwanguliwe kwanza na ukuta uloweshwe, la sivyo plasta haishiki. Madirisha yaliyo karibu sana na kona mimi naziba moja, bora darasa likose mwanga kidogo kona hiyo.

Na mlango wa pili. Kila darasa lenye mlango mmoja litobolewe mwingine ila sio kwenye kona.

#9 Mleta mada

Mwalimu hilo la pili ni zito na jibu linategemea jengo. Kwenye jengo lenye mkanda na nondo, chini ya dawati ushike mguu wa dawati mpaka litulie, halafu mtoke kwa mstari. Kukimbia kunavunja watu miguu na wanabanana mlangoni. Kwenye nyumba ya udongo ya chini isiyo na mkanda, aliye karibu na mlango unaotoka uwanjani atoke haraka na aendelee kwenda mpaka umbali unaozidi urefu wa ukuta, asisimame kibarazani. Aliye mbali na mlango ajikinge pale alipo, chini ya dawati imara, mbali na ukuta wa nje. Kibaraza ndio sehemu mbaya kuliko zote kwa sababu pembetatu na kiukuta vinashukia pale. Wale wawili wa Paso Robles na wapita njia wa Christchurch waliuawa nje, hatua chache kutoka kwenye ukuta.

Ndio maana nasisitiza pembetatu ishuke kwanza. Mkanda unaweza kuchukua miaka, lakini njia ya kutokea watoto haifai kuwa chini ya tofali zisizoshikwa hata muhula mmoja.

#10 Mama wa Rwamishenye

Naomba kuuliza jamani. Nyumba yetu ilipasuka 2016, ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda mpaka juu, mume wangu akaita fundi akaziba kwa sementi akapiga rangi. Siku hizi naona umerudi pale pale na mlango wa chumba cha watoto unagoma kufunga. Hatuna hela ya kubomoa. Nianzie wapi?

#11 Fundi wa Kashai

Pole mama. Kwanza leo watoto wahame hicho chumba walale upande ambao hauna ufa, na kitanda kisikae chini ya ukuta wenye pembetatu.

Pili angalia ufa wenyewe. Kama umekata tu plasta haujaingia kwenye tofali sio mbaya. Kama unaona mwanga upande wa pili au unaingiza kidole, na upande mmoja umetokeza kuliko mwingine, basi ukuta umeachana na mwenzake. Chukua penseli weka alama mwisho wa ufa na tarehe, bandika na kipande cha plasta ya jasi kukatiza ufa. Kikikatika baada ya wiki kadhaa ujue bado unatembea, na mlango kugoma nako ni dalili hiyo. Inaweza kuwa msingi unashuka kwa sababu ya maji ya mvua, kwahiyo angalia pia maji ya paa yanaangukia wapi, chimba mfereji yaende mbali.

Kama kile kipande hakikatiki basi unaweza kuushona ufa. Kila kozi kadhaa unang'oa tofali zilizokatika unaingiza mpya za urefu kamili zinazovuka ufa, kwa mchanganyiko wa sementi na mchanga, na kwenye kona unaweka wavu ndani na nje kama nilivyomwelekeza mwalimu. Kuziba kwa sementi juu juu hakushiki chochote ndani.

#12 Mrithi wa frem

Nimesoma yote. Mleta mada kama sheria yenyewe ni hiyo ya kushusha kiukuta na kufunga paa kwanza, na ada ya kibali imefutwa, mimi sipingi. Fundi naomba unicheki PM uje uone ile ya kwangu, mbele pale kuna maandishi ya mwaka yaliyochongwa juu kabisa kwenye sementi, familia hatutaki yapotee.

#13 Fundi wa Kashai

Hayapotei mkuu. Kipande chenye maandishi tunakiacha, tunakifunga kwa nyuma na vyuma vya pembe viwili mpaka kwenye mbao za paa, zile mbao nazo tunazifunga ukutani. Pembeni kulia na kushoto ndio tunashusha. Nitakuja wiki hii na ngazi nikapime.

#14 Mleta mada

Safi sana. Mkuu mrithi ukiruhusu tupige picha kabla na baada, nitaziambatanisha kwenye barua kwa diwani wa kata. Rasimu naiandika hivi, sehemu ya kwanza kuhesabu, ya pili kazi za mwaka wa kwanza, ya tatu ukarabati wa bati na mkanda, ya nne haki ya mpangaji kama alivyosema mdau wa Seattle, ya tano kuta za mlimani za mdau wa Bukavu maana hata sisi Bukoba tuna nyumba zinazopanda kilima, ya sita karatasi za rangi na umbali wa fensi, ya saba kiukuta cha nyumba za kontempo kwenye vibali vipya. Naiweka humu Jumapili, injinia yeyote aliyepo aipitie hasa vipimo vya nondo na umbali wa nguzo kabla haijaenda.